Nani Atabaki na Mtoto?

Katika miji yetu mna swali ambalo wazazi vijana wanaulizana kila siku, hasa pale ambapo baba na mama wote wawili wana kazi nje ya nyumba. Mtoto amekwisha kupata mwaka mmoja. Anaanza kutembea, anashika kila kitu na kukitia kinywani. Siku za kupumzika baada ya uzazi zimekwisha zamani, na mama hana budi kurudi ofisini, au sokoni penye biashara yake. Je, mtoto atafutiwe mlezi wa kukaa naye nyumbani, au apelekwe kila asubuhi katika nyumba ya kulelea watoto, ile tunayoiita kwa neno la Kifaransa, kreshi?

Watu hulijibu swali hilo upesi. Mmoja asema: mtoto ni wa nyumbani, kumpeleka mahali pa watu wengi ni kumtupa. Mwingine asema: mlezi ni mgeni, nani ajuaye anafanya nini mlango ukisha kufungwa? Sisi hatutaki kujibu upesi hivyo. Swali hili ni la zamani sana, na watu waliotutangulia wamelijibu kwa namna nyingi, nyingine njema, nyingine za kutisha. Twataka kuwasimulia habari zao, hasa habari za wenyeji wa Paris, maana katika mji huo ndimo kreshi ya kwanza ilimofunguliwa, na humo makosa ya kuchagua vibaya yalilipwa kwa maisha ya watoto maelfu na maelfu.

Neno moja, maana mbili

Hapo zamani kwetu swali halikuulizwa namna hiyo. Mama alipokwenda shambani alimfunga mtoto mgongoni, au alimwachia bibi yake, au alimpa dada mkubwa ambebe. Tazama neno yaya. Kwa Waswahili wa pwani ya mashariki, yaya ni mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto wa watu. Kwetu Kongo, tukisema yaya twamtaja ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Yaonekana maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu. Hata hivyo yatufundisha kitu. Kazi ambayo huko ilifanywa na mtu wa mshahara, kwetu ilifanywa na damu ya nyumba ileile.

Lakini mjini bibi hayupo, amebaki kijijini. Dada mkubwa yuko shuleni, na ni haki yake kuwa huko. Basi mji umetunyang'anya walezi wetu wa kale, na haukutupa wengine mahali pao. Jambo hilohilo liliwapata watu wa Paris muda mrefu kabla yetu.

Watoto waliopelekwa mbali

Mwaka 1780 mkuu wa polisi wa Paris, jina lake Lenoir, aliandika hesabu ambayo wanahistoria wanaitaja mpaka leo. Katika watoto 21,000 hivi waliozaliwa mjini kwa mwaka mmoja, alikadiria ya kuwa 1,000 tu walinyonyeshwa na mama zao, na wengine 1,000 walinyonyeshwa nyumbani kwao na mwanamke aliyekodiwa. Wote waliobaki walipelekwa nje ya mji, wengine karibu, walio wengi mbali sana, kwa wanawake wa vijijini waliopokea mshahara ili wawanyonyeshe.

Tusidhani ya kuwa akina mama hao walikuwa na roho ngumu. Matajiri, kweli, walifuata desturi ya cheo chao. Lakini wengi walikuwa wake za mafundi na wenye maduka. Mke wa mwoka mikate au wa mshona viatu alifanya kazi pamoja na mume wake tangu alfajiri mpaka usiku. Kama akiacha kazi, nyumba ilikosa kodi na chakula. Maziwa ya ng'ombe mjini yalikuwa machafu, na hakuna aliyejua bado habari za vijidudu. Mtoto asiyenyonya kwa mwanamke alikuwa karibu na kaburi. Basi walimtafutia mwanamke wa kumnyonyesha, na mwanamke wa bei ndogo alipatikana mbali.

Palikuwa na watu maalum wa kazi hiyo. Waliwakusanya wanawake vijijini, wakawaleta Paris kwa mikokoteni, kisha wakawarudisha pamoja na watoto wachanga, siku nyingi njiani, katika baridi na mvua. Serikali ya mfalme iliona hatari, na mwaka 1769 ikaziunganisha ofisi za namna hiyo kuwa ofisi moja kubwa ya wanyonyeshaji. Ofisi hiyo ilihakikisha hasa ya kuwa mshahara unalipwa. Baba asiyelipa alitiwa gerezani, na watu wenye huruma walitoa sadaka ili kuwakomboa akina baba waliofungwa kwa ajili ya deni la maziwa ya watoto wao.

Na watoto? Walikufa wengi kupita wale waliobaki kwa mama zao. Mwanamke mmoja alipokea wawili au watatu, maziwa hayakuwatosha, akawapa uji mzito kabla ya wakati. Mtoto aliviringishwa kwa vitambaa na kuachwa peke yake, maana mlezi alikuwa na shamba lake na mifugo yake. Alipougua, barua ilichukua muda kufika, na mara nyingi habari ya ugonjwa na habari ya kifo zilifika pamoja. Wazazi walikuwa wamelipa, lakini hawakuweza kuona. Waswahili wasema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wengine walifikiri dawa nyingine. Mwaka 1784 Beaumarchais, mwandishi wa michezo ya kuigiza, alitaka faida ya mchezo wake wa Figaro iwasaidie akina mama maskini, ili wakae nyumbani na kuwanyonyesha watoto wao wenyewe. Paris haikulipokea shauri hilo, lakini Askofu Mkuu wa Lyon alilipokea, na huko chama cha kuwasaidia akina mama hao kikaanzishwa. Jambo hilo latufaa kulikumbuka: toka zamani walikuwapo watu walioona ya kuwa shida si ukosefu wa mapendo. Shida ni ukosefu wa fedha za siku chache.

Mlezi naye alikuwa na mtoto

Katika karne ya 19 matajiri walibadili desturi. Badala ya kumpeleka mtoto kwa mnyonyeshaji, walimleta mnyonyeshaji kwao. Wengi walitoka katika milima ya Morvan, nchi maskini iliyo kusini-mashariki ya Paris. Walivikwa nguo nzuri na kulishwa vizuri kupita watumishi wengine, na mama wa nyumba aliweza kuwaona mchana kutwa. Kwa mtoto wa tajiri, hapo palikuwa na faida kubwa.

Lakini mwanamke hapati maziwa pasipo kuzaa. Mtoto wake mwenyewe alikuwa wapi? Alibaki Morvan, siku chache au wiki chache baada ya kuzaliwa, mikononi mwa bibi au jirani, akilishwa maziwa ya mnyama kwa chupa. Daktari mmoja wa nchi hiyo, Monot wa Montsauche, alihesabu watoto wa wilaya yake, na mwaka 1867 akatoa kitabu juu ya biashara hiyo ya wanyonyeshaji na vifo vya watoto. Alionyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya wanawake waliojifungua katika wilaya yake walikwenda Paris kunyonyesha watoto wa wengine. Daktari mwenzake, Brochard, alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla yake juu ya watoto wa Paris waliokufa vijijini. Hesabu hizo mbili ziliwaaibisha watu wa serikali.

Ndipo daktari na mbunge Théophile Roussel alipotoa shauri la sheria, ikapita tarehe 23 Desemba 1874. Sheria hiyo ilisema ya kuwa kila mtoto asiyetimiza miaka miwili, akiwekwa kwa mlezi wa mshahara nje ya nyumba ya wazazi wake, yuko chini ya ulinzi wa serikali. Mlezi alipaswa kuwa na cheti, jina la mtoto liliandikwa, na daktari alikuja kumtazama. Tena mwanamke aliyetaka kwenda kunyonyesha katika nyumba ya watu alipaswa kuonyesha ya kuwa mtoto wake mwenyewe ametimiza miezi saba, au kama bado, ya kuwa ananyonyeshwa na mwanamke mwingine. Hivyo sheria ya nchi iliwatazama watoto wawili, mtoto wa mwajiri na mtoto wa mlezi.

Kreshi yazaliwa

Turudi nyuma miaka thelathini. Maskini wa Paris hawakuweza kukodi mnyonyeshaji wa kukaa nyumbani. Mfua nguo aliyekwenda kazini alimwachia mtoto jirani mmoja mzee, aliyewakusanya watoto wengi katika chumba kimoja chenye giza kwa malipo ya kila siku. Malipo hayo yalikula sehemu kubwa ya mshahara wa mama. Asiyeweza kulipa alimwachia mtoto mchanga dada yake wa miaka saba au minane.

Mwaka 1844 mwanasheria mmoja, Firmin Marbeau, msaidizi wa meya katika sehemu moja ya mji, alipewa kazi ya kuchunguza nyumba za hisani za watoto. Aliona ya kuwa kwa watoto wa miaka miwili mpaka sita palikuwa na nyumba za kuwatunza, zilizoanzishwa katika miaka ya 1820 na watu kama Denys Cochin na Bibi Mallet. Kwa watoto wakubwa palikuwa na shule. Lakini kwa mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili, wakati alipo dhaifu kupita wote, hapakuwa na kitu. Basi tarehe 14 Novemba 1844, kwa msaada wa watu wa hisani, alifungua nyumba ndogo mtaani Chaillot. Akaiita crèche, ndilo neno la Kifaransa kwa hori, kile chombo cha kulishia mifugo ambamo Mtoto Yezu alilazwa kwa kukosa nafasi nyumbani. Kila msomaji aliyepamba pango la Noeli parokiani mwake ataelewa mara moja maana ya jina hilo.

Kanuni zake zastahili kusomwa na kila anayefungua nyumba ya namna hiyo leo. Mama alilipa sentimi 20 kwa siku, fedha kidogo kupita za jirani, lakini alilipa, ili asijione kuwa mwombaji. Mtoto mgonjwa hakupokelewa, na ilitakiwa awe amechanjwa ndui. Mama aliyenyonyesha alipaswa kuja katika saa za kupumzika kazi ili ampe mtoto ziwa. Jioni alimchukua kwenda naye nyumbani, na siku za Dominika na sikukuu nyumba ilifungwa, ili mtoto akae na wazazi wake. Kama unavyoona, Marbeau hakutaka kuchukua mahali pa mama. Alitaka kumsogeza mtoto karibu na kazi ya mama.

Hata hivyo kreshi ilipata maadui. Wengine walisema itawazoeza akina mama kuwaacha watoto. Madaktari walisema neno zito zaidi: ukiwakusanya watoto wachanga mahali pamoja, surua na kifaduro vya mmoja vitakuwa vya wote. Nao hawakukosea. Kreshi nyingi za kwanza zilishindwa kuzuia magonjwa, hata ikapita miaka mingi ndipo mafundisho ya Pasteur yakabadili namna ya kuosha mikono, kuchemsha maziwa na kusafisha chupa. Palikuwa na chupa moja yenye mpira mrefu, iliyopendwa na walezi kwa sababu mtoto aliweza kunyonya peke yake kitandani. Ndani ya mpira huo maziwa yalioza, na kuhara kukawaua watoto wengi. Ufaransa ilikataza kuiuza mwaka 1910. Chupa hiyo ilikuwa imetumika nyumbani na nje ya nyumba vilevile. Uchafu haukujali ni nani anayelea.

Mlezi wa Kiingereza

Katika Uingereza matajiri walishika njia ya mlezi wa nyumbani, naye alikuwa mtu mkubwa katika nyumba. Mwaka 1892 Bibi Emily Ward alifungua London shule ya Norland, ya kuwafundisha wasichana kazi hiyo, maana aliona ya kuwa kumpenda mtoto hakutoshi pasipo maarifa.

Habari mbili zinatuonyesha mlezi wa namna hiyo anavyoweza kuwa kwa mtoto. Winston Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alilelewa na Bibi Elizabeth Everest tangu mwaka 1875. Wazazi wake walikuwa watu wa siasa na karamu, na ni Bibi Everest aliyemfuta machozi. Mwaka 1893 mama huyo aliachishwa kazi, na kijana Churchill akakasirika sana. Alipougua mwaka 1895, Churchill alikwenda kukaa karibu na kitanda chake mpaka alipokufa, akasimamisha jiwe juu ya kaburi lake.

Habari ya pili ni ya daktari John Bowlby, aliyezaliwa mwaka 1907. Mlezi aliyempenda alitoka nyumbani kwao yeye alipokuwa na miaka karibu minne, na katika uzee wake alisema bado ya kuwa jambo hilo lilimuumiza kama kufiwa. Daktari huyo ndiye aliyeandika mwaka 1951, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, taarifa mashuhuri juu ya mtoto anayetengwa na mama yake. Wengi waliitumia taarifa hiyo kuilaani kreshi. Lakini watoto wengi aliosimulia habari zao walikuwa wametengwa kabisa na wazazi, katika hospitali na nyumba za yatima. Hawakuwa watoto wanaorudi kwa mama kila jioni. Aliloonyesha Bowlby ni hili: mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja anayemjua na kudumu naye. Walezi wakibadilika kila mwezi anaumia, iwe nyumbani, iwe kreshi.

Wamarekani nao walitaka kujua. Kuanzia mwaka 1991 waliwafuata watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa. Waliona ya kuwa wazazi wenyewe na maisha ya nyumbani vina nguvu kwa mtoto kupita namna ya malezi iliyochaguliwa. Waliona pia ya kuwa mtoto aliyelelewa na watu wema wanaozungumza naye hujua maneno na kufikiri vizuri zaidi. Na ya kuwa waliokaa saa nyingi sana katika nyumba za watoto wengi walikuwa na ukaidi kidogo kupita wengine. Kwa hiyo kila upande una neno lake.

Tujifunze nini?

Wasomaji wapenzi, historia hii haisemi: chagua kreshi. Wala haisemi: chagua mlezi. Mlezi wa mbali aliwaua watoto wa Paris, na mlezi wa nyumbani aliwafaa wengine. Kreshi iliwaokoa watoto wa wafua nguo, na kreshi chafu iliwaambukiza. Ila katika habari zote mambo manne yanarudi, na mzazi awaye yote anaweza kuyauliza kabla ya kuchagua.

La kwanza, je, naweza kuona? Mzazi ajihadhari na mahali asiporuhusiwa kuingia bila kutoa habari. Kreshi njema haiogopi mama anayefika saa nne ya asubuhi, na mlezi mwema hashtuki baba akirudi mapema.

La pili, mikono ni mingapi na watoto ni wangapi? Ufaransa leo inaruhusu katika kreshi mtu mmoja kwa watoto watano wasiotembea, au wanane wanaotembea, na mlezi anayewapokea watoto nyumbani kwake hapewi zaidi ya wanne kwa kawaida. Hizo ni hesabu zilizopatikana kwa uchungu. Msichana mmoja na watoto kumi na watano hawezi kulea, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

La tatu, je, atadumu? Mshahara mdogo huleta mlezi mpya kila mwezi, na mtoto aliyekwisha kumzoea mmoja hulazimishwa kumzoea mwingine. Anayeokoa fedha hapo anamlipisha mtoto.

La nne ndilo tusilopenda kuliuliza: mlezi huyu ni mtoto wa nani? Katika miji yetu mara nyingi ni binti aliyeletwa kutoka kijijini, jamaa wa mbali, anayelala jikoni na asiyekwenda shule. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda watoto imekataza kumtia mtoto kazini kabla hajatimiza miaka 16. Na kama ni mwanamke mzima, labda ana mtoto wake aliyemwacha nyuma, kama wale wa Morvan. Tumwulize habari za mtoto huyo. Tumpe mshahara kwa siku yake, siku ya kupumzika, na nafasi ya kumwona mwanawe. Mwanamke anayetendewa haki hana sababu ya kumlipizia kisasi mtoto asiye na kosa.

Na parokia zetu, je? Penye jumba tupu mchana, karibu na soko wanakofanya kazi akina mama, panaweza kuwa na kreshi ndogo, safi, yenye walezi waliofundishwa na malipo madogo, kama ile ya Chaillot. Shule za maternelle kwetu huwapokea watoto tangu miaka mitatu. Kabla ya hapo pana lile pengo aliloliona Marbeau mwaka 1844, na katika mitaa yetu mingi bado liko wazi.

Waswahili wasema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kazi hiyo inaweza kugawanywa, na watu wa kale waliigawanya. Lakini anayeigawa abaki karibu, atazame, aulize, na jioni amchukue mtoto mwenyewe.